Stockholm siku nne: fundi wa majahazi akaone makumbusho gani?

FundiMkuku_Nungwi aliandika:

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Dada yangu kaolewa Sweden, mwaka wa nane huu. Kajifungua mtoto wa tatu, akika iko mwisho wa mwezi wa tisa, na tiketi kanitumia yeye. Viza imetoka juzi, alhamdulillah. Nitakaa Stockholm siku kumi, lakini ukitoa akika na kutembelea jamaa, siku zangu mwenyewe hazizidi nne. Nataka zote nne ziende kwenye makumbusho na maonyesho. Madukani sitaki kupelekwa.

Mimi ni fundi wa majahazi hapa Nungwi. Baba alikuwa fundi, babu alikuwa fundi, na tezo nimeishika kabla sijajua kusoma. Nina jambo linanikera moyoni, ndiyo maana nauliza. Mashua ya mwisho aliyoiunda baba iko pwani, imepandishwa chini ya mivinje, mwaka wa tisa haijagusa maji. Kilichoila si bahari, ni mvua. Maji ya mvua yalikaa ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, na mataruma, zile mbavu zake, yakaoza kwa ndani. Ukibonyeza kidole gumba kinazama mpaka ukucha usionekane. Na huku mbao za nje, zile tulizokuwa tukizipaka deheni, mafuta ya kukinga mbao, bado ngumu, ukizigonga zinalia. Mwaka jana kaja mtu anataka kuzinunua akachomee chokaa. Nikamrudisha. Lakini na mimi sijui niifanye nini.

Nilipokuwa skuli walitupeleka Beit-al-Ajaib, tukauona ule mtepe, chombo cha zamani cha kushonwa, hauna msumari hata mmoja. Niliishika ile kamba ya usumba pale ilipoingia kwenye tundu la ubao, mwalimu akanikemea. Tangu jengo liporomoke Disemba 2020 sijauona tena.

Basi nauliza: huko Stockholm kuna pahala naweza kuona chombo cha mbao cha zamani, chombo chenyewe, si picha yake? Na wanakitunzaje kisioze? Mwenye kujua na maonyesho ya sanaa ambayo mtu wa kazi za mikono atayafahamu, anitajie pia. Pesa yangu ni ya kuhesabu.

MwanaWete aliandika:

Wa alaykum salaam mwanangu. Hongera kwa dada yako, Mwenyezi Mungu amkuzie.

Mimi wa Wete, niko mji huu mwaka wa kumi na tisa. Siku yako ya kwanza nenda Vasa, na usipange kitu chengine siku hiyo, kwani wewe hutotoka mapema.

Vasa ni manowari ya mfalme Gustav II Adolf. Iling'oa nanga safari yake ya kwanza tarehe 10 Agosti 1628, watu wamejaa ukingoni wanaitazama. Haikwenda zaidi ya mita 1,300 hivi. Upepo ukaipiga, ikalala upande, maji yakaingia kwenye madirisha ya mizinga yaliyokuwa wazi, ikazama hapo hapo bandarini. Walikufa kiasi cha watu 30. Ikakaa chini, kina cha mita 32, miaka 333. Mwaka 1956 mtu mmoja, Anders Franzén, alikuwa akiitafuta kwa mashua ndogo na chuma cha kuchota chini ya bahari. Siku moja chuma kikampandishia kipande cha mwaloni mweusi, akajua kaipata. Wapiga mbizi wakachimba mahandaki chini ya tumbo lake wakapitisha kamba za chuma, na tarehe 24 Aprili 1961 ikatoka juu ya maji.

Hivi sasa imesimama nzima ndani ya jumba ililojengewa yenyewe, lililofunguliwa 1990 kwenye kisiwa cha Djurgården. Ukiingia kutoka nje kwenye mwanga, mwanzo huoni kitu. Halafu macho yanazoea giza na unaiona iko juu yako. Wanangu niliwapeleka wakiwa wadogo, yule wa kike akanikamata baibui hakuniachia. Zaidi ya asilimia 98 ya mbao zile ni zile zile za 1628.

Umeuliza wanaitunzaje. Ubao uliokaa majini muda wote ule, ukiuanika tu unanywea na kupasuka. Waliinyunyizia dawa inayoitwa polietilini glaikoli, ni kama nta inayoyeyuka majini, mfululizo kwa miaka 17, ili ile dawa ishike pahala pa maji ndani ya ubao. Baadaye wakaiacha ikauke kidogo kidogo. Hata leo hewa ya mle ndani inapimwa usiku na mchana, isizidi unyevu wala isipungue. Kwa hivyo ndani kuna ubaridi, nyuzi 18 mpaka 20. Chukua koti hata kama nje jua linawaka.

Kufika: nenda Slussen, panda kivuko cha Djurgården. Tiketi ni ile ile ya basi na treni, inadumu dakika 75. Ukiwa juu ya kivuko kaa upande wa omo, mbele. Watoto mpaka miaka 18 hawalipi Vasa, kwa hivyo wapwa zako wachukue. Wewe utalipa, na bei hupanda msimu wa wageni, mwambie dada yako aitazame kwanza kwenye tovuti yao. Akupe na kadi ya benki, kwani pahala pengi hawapokei noti kabisa.

Kwa sala, msikiti mkubwa uko Medborgarplatsen. Lile jengo lilikuwa kituo cha umeme, alilichora msanifu Ferdinand Boberg, likajengwa 1903, na likafunguliwa kuwa msikiti mwaka 2000. Ukimaliza kusali shuka kwa miguu mpaka ukingoni mwa maji, utaikuta Fotografiska, nyumba ya maonyesho ya picha. Hiyo ilikuwa forodha ya mji, na mchoraji wake ni Boberg huyo huyo. Maonyesho yake hubadilika mara kadhaa kwa mwaka na hukaa wazi mpaka usiku sana. Mimi huenda nikitoka kazini, pekee yangu, nikatazama sura za watu.

Rangi_za_Mlandege aliandika:

Kaka, salaam. Mimi nasoma sanaa, nilikaa Stockholm miezi mitano.

Mama wa Wete kamaliza habari ya Vasa, mimi naongeza pahala pasipotaka kiingilio: vituo vya treni za chini ya ardhi. Viko 100, na zaidi ya 90 vina kazi za sanaa, kwa hivyo tiketi yako ya kawaida inatosha. Shuka T-Centralen upande wa njia ya buluu. Wameyaacha majabali kama yalivyochimbwa, na Per Olof Ultvedt kayapaka mwaka 1975 rangi nyeupe na majani makubwa ya buluu yanayopanda mpaka juu. Sasa usiishie kwenye majani. Sogea utafute ukuta wenye vivuli vya watu: wanachomelea, wamebeba ngazi, wanapiga nyundo. Ni wafanyakazi waliokijenga kituo chenyewe. Nilikuwa nikipita pale kila siku kwenda chuoni na kila siku nilisimama.

Cha pili ni Liljevalchs, iko Djurgården karibu na Vasa. Imefunguliwa 1916. Kila mwaka ina maonyesho yanayoitwa Vårsalongen, mtu yeyote anaruhusiwa kupeleka kazi yake, na waamuzi huchagua bila kuona majina. Mzee aliyestaafu anaweza kutundikwa pembeni ya msanii mkubwa. Wewe mwezi wa tisa hutoyawahi, lakini ingia uone yaliyopo. Nimeyataja kwa sababu nataka sana siku moja kitu kama kile kifanyike Ngome Kongwe kwetu. Wachoraji wangapi wako Pemba hawajapata hata ukuta mmoja wa kutundika kazi?

Cha tatu, ukiwa mji wa kale, Gamla Stan, ingia makumbusho ya Nobel kwenye uwanja wa Stortorget. Picha za washindi wote zinaning'inia kwenye waya unaotembea juu darini. Nilisimama na shingo yangu inauma mpaka alipopita Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, Nobel ya fasihi 2021. Kwenye mkahawa wao washindi hutia saini chini ya viti. Utawaona watu wamevigeuza viti juu chini wanasoma, ndiyo desturi ya pale.

SerahangiMstaafu aliandika:

Fundi, kama una siku nne na unataka vyombo, siku mbili zipeleke Denmark. Viza yako inakuruhusu. Kuna mji unaitwa Roskilde, una makumbusho ya vyombo vya Wavikingi. Vyombo vitano vilizamishwa makusudi kiasi cha mwaka 1070 kuziba mlango wa bahari adui asipite, vikatolewa 1962. Kimoja kina urefu wa mita 30 na kiliundwa upande wa Dublin mwaka 1042. Mwaka wenyewe wameujua kwa kuhesabu miviringo ya mti. Nje ya makumbusho kuna uwanja wa mafundi wanaunda vyombo kwa shoka mpaka leo. Mimi meli yangu ilifunga Copenhagen siku sita, nikaenda Roskilde mara mbili.

MwanaWete aliandika:

Bwana Serahangi, maneno yako ni ya kweli, lakini Stockholm na Copenhagen kwa treni ni saa tano na zaidi, kwenda tu. Siku ya kwenda na siku ya kurudi, atabaki na nini? Na ana akika ya mtoto. Roskilde iwe safari nyengine, inshallah.

FundiMkuku_Nungwi aliandika:

Shikamoo mama, na nawashukuru nyote. Roskilde nimeiandika kwenye daftari, serahangi.

Mama, kuna kitu kinanitatiza. Miaka 333 chini ya bahari, na mbao bado zipo? Hapa kwetu chombo kikikosa deheni miezi mitatu, wadudu wa baharini wanaingia. Nje unaona vitundu kama vya sindano, ukiupasua ubao ndani umekuwa kama sega la nyuki. Huko wadudu hao hawapo?

MwanaWete aliandika:

Marahaba mwanangu. Hawapo. Bahari ya huku, Baltiki, ina chumvi kidogo sana, karibu na maji ya mto, na mdudu yule hawezi kuishi humo. Ndiyo maana chini kule kumejaa vyombo vya zamani. Karibu na Vasa wamefungua makumbusho nyengine mwaka 2021 inayoitwa Vrak, ni ya habari za vyombo vilivyozama tu. Tena ile tope ya bandari haikuwa na hewa. Kilichokufa ni chuma. Zile bolti za chuma za asili zililika zote, wakatia nyengine zaidi ya 5,000, nazo zikaanza kutu, wakatoa wakatia za chuma kisichoshika kutu.

FundiMkuku_Nungwi aliandika:

Nimerudi Jumanne. Akika imekwenda salama, mtoto kaitwa jina la baba.

Nilikwenda Vasa siku ya kwanza kama alivyoniusia mama. Na siku ya pili nikarudi. Na ya nne pia. Yale mengine niliyaona, ya treni na vivuli vya wafanyakazi niliyapenda sana, kuna mmoja kainama na kifaa chake, mgongo wake ni wa baba kabisa. Lakini nitasimulia chombo.

Mlangoni sikuweza kusogea. Nimezoea kukitazama chombo kwa chini, kikiwa kwenye magogo kabla ya kukishua, lakini hicho kina sakafu juu ya sakafu, na ukipanda ghorofa unakutana na ubavu wake tena. Tezi, nyuma ya chombo, imejaa masanamu ya kuchonga, simba, watu, malaika, mamia. Leo yote yamekuwa rangi ya kahawa nzito, lakini pembeni wameweka mfano mdogo uliopakwa kama ilivyokuwa mwanzo, nyekundu, dhahabu, buluu. Niliwaza mchongaji aliyekaa pale na patasi miezi, akaja kuona kazi yake inakwenda chini siku ile ile.

Kushika hakuruhusiwi. Basi niliweka uso karibu na ukingo nikatazama makovu. Kuna ubao mmoja upande wa chini, njia ya shoka inaonekana wazi: mpigo mrefu, halafu mfupi mfupi pale mti ulipokuwa na fundo, halafu mrefu tena. Yule fundi alilikuta fundo akapunguza mkono. Na mimi nafanya vile vile. Nilikaa pale mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimepotelewa na kitu.

Walikiunda bila mchoro. Fundi mkuu alikuwa Mholanzi, Henrik Hybertsson. Vipimo alivichukua kwa uzoefu wake, kama sisi. Kaumwa, kazi ikamwangukia msaidizi wake Hein Jakobsson, na mwenyewe akafa 1627, chombo hajakiona kikielea. Ndani ya chombo wamekuta vipimo vinne vya mafundi. Viwili ni vya futi ya Sweden, inchi 12. Viwili ni vya futi ya Amsterdam, inchi 11. Kwa hivyo fundi wa upande huu na fundi wa upande huu kila mmoja alipima sawa kwa futi yake, na chombo kikatoka upande mmoja mzito kuliko wa pili. Baba alikuwa hakubali watu wawili wapime kwa shibiri mbili. Alikuwa akikata kijiti kimoja, ndicho hicho hicho mpaka chombo kishuliwe, halafu anakitupa baharini. Mimi nilidhani ni mila tu.

Nikauliza farumi, ule uzito unaowekwa chini ya chombo kisipinduke. Kuna kijana pale anayetoa maelezo, Kiingereza changu kibovu, dada akanisaidia. Walitia mawe kiasi cha tani 120. Nikamwambia hayatoshi kwa mizinga 64, mingi yake imepangwa ghorofa mbili. Akaniambia ndivyo, lakini mawe yakizidi yale madirisha ya chini yanakaribia maji. Hapo nikafahamu. Tumbo la chini ni jembamba na juu pana uzito mwingi, kwa hivyo hata farumi haikuwa na pahala pa kukaa. Chombo kama hicho lazima kiende mrama. Na walijua! Kabla hakijaondoka walijaribu kwa kuwakimbiza watu 30 kutoka ubavu huu mpaka huu, mara tatu tu, kikayumba mpaka wakasimamisha jaribio wasije wakakizamisha gatini. Lakini mfalme yuko vitani na anakitaka chombo chake, hakuna aliyethubutu kumpelekea habari. Baada ya kuzama palikuwa na baraza la kuuliza, na hakuna aliyeadhibiwa.

Chini kuna chumba cha wale waliokufa, mifupa yao na sura zao zilizotengenezwa upya. Niliwasomea yangu kimya kimya nikatoka.

Nitasema lililoniuma. Chombo kile kilitembea mita 1,300 na wamekijengea jumba, wanampima hewa kama mgonjwa. Mashua ya baba ilikwenda Wete, Mkoani, Tanga na Pangani miaka 22, ikabeba karafuu, chokaa, mabati, mpaka mama mmoja kajifungua ndani yake kwenye mkondo wa Pemba. Sikumwekea hata kifuniko cha makuti. Ile dawa ya miaka 17 siiwezi. Lakini yule kijana nilimwonyesha picha za mashua ya baba kwenye simu, akazitazama moja moja kwa makini, na alichoniambia cha kwanza ni: ondosha maji, izuie mvua, iache ipate upepo, na usiifunike kwa plastiki.

Basi Alkhamisi nilianza. Nimefuta maji ngamani, debe ishirini na saba, yamejaa majani ya mivinje. Nimetoboa tundu mbili karibu na mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo, maji yapate kutoka. Jana vijana wanne wamenisaidia kusimamisha nguzo za mikandaa, na makuti nimeshayanunua. Mataruma yaliyooza sitoyang'oa bado. Kwanza nayapima yote, kwa kijiti kimoja, nayaandika. Niliyoyamaliza ni kumi na moja upande wa kulia.

Nina ombi kwa watu wa Pemba. Picha yake ikiwa na tanga sina hata moja. Jina lake Subira, limeandikwa tezi kwa rangi ya kijani, na tanga lake lilikuwa na kiraka cha buluu karibu na foromali, ule mti unaofungwa tanga. Miaka ya mwisho ya tisini ilikuwa Wete karibu kila msimu wa karafuu. Mwenye picha ya gati ya miaka ile, hata kama yeye kapigwa na mashua iko nyuma yake, tafadhali.

MwanaWete aliandika:

Mwanangu, kaka yangu alikuwa mchukuzi gatini Wete miaka hiyo, na ana bahasha ya picha ndani ya sanduku la marehemu mama. Nimempigia sasa hivi. Kasema kiraka cha buluu anakikumbuka. Kesho baada ya sala ya alfajiri atalifungua sanduku.